Baba aliondoka lini? Fahamu, roho na uhai baada ya kifo (uzi mrefu)

Mwana wa Fundi (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni mliotutangulia, na wengine habari za usiku.

Jambo hili nimekaa nalo tangu Mei. Nimelizungusha kichwani kazini, kwenye daladala, hata kanisani, na leo nimeona bora nilimwage hapa. Ni refu, naomba mnivumilie. Sikuja kumshinda mtu wa dini wala mtu wa sayansi. Natafuta watu wa kufikiri nao.

Baba yangu alikuwa fundi saa mjini Moshi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikaa nyuma ya kimeza chake cha kioo kando ya barabara ya kuelekea sokoni, jioni anafunga sanduku lake anapanda gari kurudi nyumbani Old Moshi. Mwaka 2019 alipata kiharusi cha kwanza. Mguu ulibaki mzito, akili ikabaki yake. Cha pili kilikuja miaka miwili baadaye, na kuanzia hapo mzee akawa anapungua. Sina neno lingine. Alipungua kama maji kwenye debe lenye tundu usiloliona. Zilianza kupotea siku za wiki, yakafuata majina ya wajukuu, kisha jina la mama, mwanamke waliyekaa naye miaka 46. Mimi akawa ananiita kwa jina la mdogo wake aliyefariki 1987. Nilipozoea kuitika kwa jina hilo, akaacha kuniita kabisa.

Kuna asubuhi moja nilikaa naye barazani. Nilikuwa nimevaa saa aliyonipa siku ya kipaimara, zile za kutia ufunguo, na ilikuwa imesimama tangu jana yake. Akanishika mkono, akaifungua mkanda taratibu. Nikaelewa, nikamletea sanduku lake. Wakuu, mkono uleule uliokuwa ukimwaga chai kila asubuhi ulitulia. Akatandika kitambaa cheupe gotini. Akaweka kioo cha jicho, akafungua mfuniko wa nyuma, akapuliza vumbi kwa pumzi fupifupi, halafu kwa ncha ya kibano akakigusa kile kigurudumu kinachocheza kwenda na kurudi. Kikaanza kucheza. Akafunga, akaiweka sikioni, akatabasamu kidogo. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa adabu kabisa, kama anavyomuuliza mteja mgeni: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Alifariki Mei mwaka huu. Tulimzika kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, na siku hiyo nilisikia mambo matatu ambayo hayakai chungu kimoja.

Mchungaji alisema mzee ameshafika kwa Bwana na sasa hivi anatuona. Watu walipopungua, baba mkubwa akamimina mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo chini ya masale, mmea Wachagga wanaouheshimu, akamsemesha baba kwa Kichagga, akimwomba asiwaache watoto wa nyumba ile, kana kwamba yuko palepale mgombani. Na binamu yangu ambaye ni daktari alinishika bega akasema kwa upole, "Ndugu yangu, usijiumize. Baba mdogo aliondoka zamani, leo tumezika mwili tu."

Basi swali langu ndilo hilo la kichwa cha uzi. Aliondoka lini? Mei? Aliponiita jina la marehemu? Au hajaondoka?

Nimesoma sana tangu hapo, na naona tatizo la kwanza ni sisi kuchanganya maneno mawili ambayo Kiswahili chenyewe kimeyatenga. Mtu *hupoteza fahamu*, na mtu *hukata roho*. Fahamu hupotea na kurudi. Hakuna aliyewahi kusema "jirani amekata roho, jioni akarejewa nayo". Fahamu ni kule kuwapo macho ndani, kusikia uchungu, kujua kwamba mimi ni mimi. Roho ni ile tunayosema ikitoka ndiyo basi. Tukibishana habari za maisha baada ya kifo tunaruka kutoka neno moja kwenda lingine bila kuaga: tunathibitisha roho, halafu tunadai fahamu.

Niwape mfano wangu mwenyewe. Mwaka 2014 nilipasuliwa kidole tumbo, nikapigwa nusu kaputi. Nikaambiwa hesabu. Nilifika tatu. Papo hapo nikasikia "amka, tumemaliza", na nje kulikuwa kumeshaingia giza. Hii si sawa na usingizi. Usingizini unajua usiku umepita, unaota, unageuka. Pale hapakuwa na kitu. Hata giza halikuwapo, kwa sababu giza lazima awepo wa kuliona. Na muda wote huo roho yangu ilikuwamo, maana moyo ulikuwa ukipiga. Kwa hiyo roho inaweza kuwamo na mimi nisiwepo. Kama dawa kidogo kwenye mshipa inaweza kunifuta hivyo huku roho ikiwa ndani, itakuwaje ubongo wote ukishakuwa udongo?

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Karibuni.

---

Fikra Huru

Pole sana kaka. Ila jibu umeshalitoa mwenyewe, unaogopa kulitamka. Ubongo ukizima mtu ameisha. Binamu yako alikwambia kweli.

---

Mlinzi wa Lindo

Pole kwa msiba mkuu. Lakini roho ipo na ilishapimwa. Kuna daktari Marekani aliwapima watu kwenye mizani wakati wanakata roho, wakapungua gramu 21. Na ubongo ni kama redio tu. Redio ikiharibika husikii, lakini kituo kinaendelea kurusha matangazo. Baba yako yupo, redio ndiyo iliyokufa.

---

Mwana wa Fundi

Mlinzi, ahsante kwa pole. Hiyo ya gramu 21 niliifuatilia. Ni Duncan MacDougall, daktari wa Massachusetts, aliyetangaza vipimo vyake mwaka 1907. Wagonjwa walikuwa sita tu. Vipimo vya wawili alivitupa mwenyewe, na hao wanne waliobaki hawakulingana. Gramu 21 ni ya mtu mmoja. Hapo huwezi kujenga kitu.

Ya redio ni nzito zaidi, nimeitafakari kwa siku nyingi. Lakini haimfai baba. Redio mbovu hukoroma, hukatika, hunyamaza. Haimfanyi mtangazaji kule studio asahau majina ya wanawe. Baba hakuwa mtu mzima wa akili anayeshindwa kutoa sauti. Kilichoharibika ni kile ambacho tungekiita *yeye*: aliyempenda, anayemkumbuka, anachokiogopa.

Na kuna jambo la mikono. Kuna Mmarekani aliyeitwa Henry Molaison, alipasuliwa ubongo 1953 kutibiwa kifafa, wakamtoa sehemu za pande zote mbili. Tangu siku hiyo hakuweza kushika jambo jipya. Daktari akitoka chumbani na kurudi, ni mgeni. Lakini walimfundisha kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, akawa hodari siku hadi siku, na kila siku akiamini ndiyo mara ya kwanza. Alifariki 2008. Nilipomsoma huyo nikaona kibano cha baba. Mikono na majina havikai chumba kimoja. Mafuriko yaliingia chumba kimoja, hayakufika kingine. Sasa nyie mnaosema roho ndiyo iliyokuwa ikikumbuka, mniambie: roho ina vyumba?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mwanangu pole sana. Mimi ni mama wa miaka 61, nimestaafu, nimefanya kazi wodi za wagonjwa mahututi huku kwetu Kilimanjaro miaka mingi. Hospitali sitaitaja.

Nitakueleza moja. Tulikuwa na baba mmoja, moyo ulisimama saa tisa usiku. Tukamgandamiza kifua, daktari akaitwa, akarudi. Nawaambieni wazi, yule kwa macho yangu alikuwa ameshaondoka, mboni hazichezi. Siku ya tatu naingia na trei ya dawa, ananiambia: "Mama, wewe ndiye uliyesema hicho kiti kitolewe njiani." Ni kweli nilisema. Kiti cha plastiki cha ndugu wa mgonjwa kilikuwa kinatuzuia, nikakisukuma kwa mguu huku nikipiga kelele. Akaniambia pia alikuwa mahali pa amani, hakutaka kurudi.

Sijasoma kama wewe. Ila tangu siku ile sijawahi kuruhusu mtu aseme neno baya karibu na kitanda cha asiyejitambua. Wapo watumishi wenzetu wanaosimama juu ya mgonjwa wanasema "huyu haelewi, hana muda." Nimegombana na wengi kwa hilo.

---

Mwana wa Fundi

Shikamoo mama. Ahsante sana, ushuhuda wako nauheshimu kuliko video zote zinazorushwa mitandaoni, kwa sababu una kiti ndani yake.

Naomba niende nao polepole, maana hapa ndipo penye uzito.

Watu wa namna hiyo wapo, na wamehesabiwa. Daktari wa moyo Mholanzi, Pim van Lommel, na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wa wagonjwa 344 waliorudishwa baada ya moyo kusimama katika hospitali kumi za Uholanzi. 62 walikuwa na cha kusimulia: amani, nuru, kuonana na marehemu, kujiona nje ya mwili. Ni asilimia 18. Kwa hiyo anayesema ni waongo, hajui anachosema. Lakini angalieni pia upande wa pili: wengine 282 hawakuwa na lolote. Kama roho ikitoka mwilini huona, mbona wengi wao hawakuona? Walisahau? Inawezekana. Sote huota kila usiku na asubuhi hatuna kitu.

Daktari mwingine, Sam Parnia, alikwenda mbali zaidi. Katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria, waliweka rafu karibu na dari zenye picha zinazoonekana kutoka juu tu. Kama mtu anaelea, ataiona picha. Walifuatilia matukio 2,060 ya moyo kusimama, wakachapisha 2014. Walionusurika na kuweza kuhojiwa walikuwa 140. Mmoja tu alieleza mambo ya chumbani yaliyothibitika, na chumba chake hakikuwa na rafu. Zaidi ya robo tatu ya matukio yote yalitokea mahali pasipo na rafu. Picha haikuonwa na mtu. Sisemi hilo linakanusha. Nasema mtego ulitegwa vizuri na ndege hakupita.

Sasa mgonjwa wako, mama. Alikumbuka *sauti*. Moyo ukisimama fahamu hukatika ndani ya sekunde kumi hadi ishirini hivi, lakini mnapogandamiza kifua damu kidogo hufika kichwani. Inawezekana masikio yalikuwa yamebaki na mlango wazi kidogo. Na kule kujiona kutoka juu, mwaka 2002 Olaf Blanke na wenzake huko Geneva walikuwa wakimchunguza mwanamke mwenye kifafa. Waliposisimua kwa umeme sehemu moja ya ubongo upande wa kulia, akasema anajiona kitandani kutoka juu. Umeme ukizimwa, anarudi. Ukiwashwa, anapanda.

Hata hivyo sitaki kuwa mtu wa kufuta ulichokiona kwa kitambaa. Kuna jambo liliwashangaza hata wapimaji wenyewe. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha vipimo vya wagonjwa wanne waliokuwa wakifa baada ya mashine ya kupumua kuondolewa. Kwa wawili, ubongo haukufifia kimyakimya kama mshumaa. Ulilipuka kwa mawimbi ya kasi yanayoonekana kwa mtu aliye macho anayefikiri. Walipitia nini dakika zile? Hatuwezi kuwauliza. Miye huwa naukumbuka moto wa jikoni kwa bibi, ule unaowaka ghafla kabla ya kufa.

Na juu ya "huyu haelewi" umenichoma, kwa sababu baba naye alisemewa hivyo, akiwa anatutazama. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake Cambridge walimweka kwenye mashine ya kupiga picha ubongo binti wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari, miezi mitano hana jibu kwa lolote. Wakamwambia, fikiria unacheza tenisi. Sehemu zilezile zinazowaka kwa mtu mwenye afya zikawaka. Wakamwambia, tembea chumba hadi chumba nyumbani kwako. Zikawaka za kutembea. Alikuwamo. Watu walikuwa wanazungumza juu ya kitanda chake miezi mitano.

---

Abuu Twaha

Assalaam alaykum kwa wanaohusika, na pole ndugu kwa msiba.

Umegusa usingizi na nusu kaputi. Katika Suratuz Zumar, aya ya 42, tunafundishwa kuwa Mwenyezi Mungu huzipokea nafsi zinapokufa, na zile zisizokufa huzipokea usingizini. Akazizuia zile alizozihukumia mauti, akazirudisha nyingine mpaka muda wake. Kwetu kulala ni ndugu wa kufa. Kwa hiyo kutojitambua kwako kule mezani hakutuondolei imani. Nafsi ilishikwa, ikarudishwa. Baada ya kufa kuna barzakh, yaani kipindi cha kungoja kufufuliwa, na mambo yake si ya mizani wala rafu. Mtume alipoulizwa juu ya roho aliteremshiwa kuwa roho ni katika mambo ya Mola, na kwamba elimu tuliyopewa sisi ni kidogo.

Mimi naishi Majengo, marehemu baba yako alinitengenezea saa mbili. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

---

Mwana wa Fundi

Waalaykum salaam kaka Abuu. Nimesoma mstari wako wa mwisho nikalazimika kuweka simu chini kidogo.

Aya hiyo sikuijua, na inanipa kitu ambacho nilikuwa sikukiona: kwamba kutokuwa na fahamu na kutokuwa na Mungu wa kukushika si jambo moja. Nitairudia.

---

Binti wa Siku ya Saba

Bwana asifiwe. Mleta uzi, unajitesa kwa fundisho lisilo la Biblia. Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote. Baba yako amelala. Haoni, hasikii, na ndiyo rehema. Ataamka parapanda ikilia. Kwake itakuwa kama nusu kaputi yako: tatu, halafu amka.

---

Mkristo Mnyonge

@Binti, na yule mwizi msalabani? Luka 23:43, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Leo, si parapanda.

---

Kihamba cha Tatu

Mangi, pole. Kila mtu kasema, na yule baba mkubwa wako aliyemimina mbege mnampita kama hamumwoni. Yule ana elimu pia.

Mzee wa Kichagga hakuuliza roho imetengenezwa na nini. Aliuliza marehemu ni *wa nani* na *yuko wapi*. Zamani marehemu alizikwa ndani ya nyumba yake, na baada ya muda fuvu lake likatolewa na kuwekwa mgombani penye masale, kati ya watu wake. Alibaki mwenye shamba. Mwanatheolojia wa Kenya marehemu John Mbiti aliwaita wafu-hai: mtu yuko kwenye *sasa* maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, akifa wa mwisho anayemjua, ndipo huzama kwenye *zamani*. Maneno ya Kiswahili hayo, sasa na zamani, Mzungu akaja kuyasoma kwetu.

Na wewe ni wa Old Moshi, unajua habari ya Mangi Meli, mtawala wetu wa zamani. Wajerumani walimnyonga 2 Machi 1900, na wazee wanasema kichwa kilipelekwa Ujerumani. Miaka zaidi ya mia ukoo wake unatafuta fuvu. Mwaka 2023 Berlin wakatangaza kuwa vipimo vya DNA vimeoanisha mafuvu matatu na familia zilizo hai hapa Kilimanjaro. La Meli halikuwamo. Sasa niambie, kama mtu ni roho iliyokwisha ruka mbinguni, fuvu la nini? Kama mtu ni ubongo uliooza, fuvu la nini? Watu wale si wajinga. Wanajua kitu ambacho pande zenu mbili hazina.

---

Mwana wa Fundi

Aika mbe, ahsante. Umenirudisha nyumbani.

Nilipita jana pale penye kumbukumbu ya Meli, nikasimama. Ni kweli, mimi nilikulia hatua chache kutoka hapo na sikuwahi kuuliza swali lako. Sisi tunamtafuta Meli *huyu*, wa mahali hapa, mwenye ukoo huu. Hatutafuti pumzi fulani. Kitabu cha Mwanzo chenyewe hakisemi Mungu alimpa mtu nafsi, kinasema alimpulizia pumzi ya uhai, "mtu akawa nafsi hai." Akawa. Nafsi si mpangaji ndani ya nyumba; ni nyumba yenye moto na watu ndani.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye kumbukumbu. Mbiti anasema mfu-hai hubaki maadamu anakumbukwa. Mimi nimeona kumbukumbu inavyokufa. Nimeiona ikivuja mbele yangu kwenye kichwa cha mtu mwema. Yangu nayo ina kiharusi chake kinanisubiri, pengine. Ikiwa baba anategemea kichwa changu ili awepo, basi yuko pahali pabaya sana.

Acheni niseme nilipofika, kwa sababu Fikra Huru ananisubiri.

Siamini tena kuwa ndani ya baba kulikuwa na kipande kisichoweza kufa ambacho kilichomoka Mei. Kama kingekuwapo na ndicho kilichokuwa *yeye*, kilichomoka bila jina langu, bila jina la mama, bila miaka 46. Sitaki hicho. Wazee wa falsafa walishakwama hapo: mwanafalsafa Mfaransa Descartes alipodai roho ni kitu kingine kabisa kisicho mwili, binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia mwaka 1643 kumuuliza, kitu kisicho na mwili kinausukumaje mwili? Nimesoma majibu yake. Hakumjibu.

Lakini siamini pia kwamba Fikra Huru ameshaeleza fahamu ni nini. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 sayansi itaonyesha bila utata jinsi ubongo unavyozaa fahamu. Mwaka 2023 Koch alikiri ameshindwa, akatoa mvinyo. Tunajua ukibonyeza hapa mtu anajiona juu ya kitanda. Hatujui kwa nini kuwe na mtu wa kujiona hata kidogo.

Kwa hiyo ninachokishika ni kidogo, na nakishika kwa mikono miwili. Kama baba ataishi, ni kwa sababu kuna anayemkumbuka *mzima*: fundi wa 1998 na mzee wa barazani, mikono na majina, vyote. Paulo katika Wakorintho wa kwanza 15 hazungumzii roho uchi inayoelea, anazungumzia mwili, uliopandwa mmoja na kufufuliwa mwingine. Nimekuwa Mlutheri maisha yangu yote nikikiri ufufuo wa mwili kila Jumapili, huku kichwani nikiwaza moshi unaopanda. Sasa nakiri nikimaanisha. Uhai huo ni zawadi. Si mali ya roho kama ubichi ulivyo mali ya jani.

---

Fikra Huru

Umeandika vizuri na nakuheshimu. Lakini huoni shimo? Kama baba yako ameisha kabisa, halafu Mungu akamuumba upya kutoka kwenye kumbukumbu zake, huyo ni baba yako au ni nakala yake? Mimi nikichora picha yako vizuri sana, wewe hujarudi.

---

Mwana wa Fundi

Kaka, hilo ndilo swali bora kwenye uzi huu wote, na limenikosesha raha siku mbili.

Nitakujibu kwa meza ya baba. Mteja alileta saa, baba akaifungua yote. Usiku kucha vipande vimelala kwenye kitambaa: magurudumu, springi, mishale, kioo. Saa haipo. Hakuna kinachohesabu muda. Kesho akaiunga, mteja akaichukua akasema "saa yangu." Hakusema nakala. Najua utasema vipande vilikuwa vilevile. Lakini baba alikuwa akibadilisha springi leo, kioo mwakani, mkanda kila Krismasi. Kuna saa ya mzee mmoja wa Rau aliyoitengeneza miaka ishirini, sidhani ilibaki na kitu cha kiwandani zaidi ya jina. Bado ilikuwa saa ya mzee yule.

Sijui kama hilo linatosha kwa mtu, maana saa haisikii ikiunganishwa. Hapo umenibana na nimebaki nimebanwa.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mwanangu, mimi hayo ya nakala yananipita. Nina moja tu, limenikaa tangu post yako ya kwanza. Mzee alipokuuliza "wewe ni mtoto wa nani", ulimjibu?

---

Mwana wa Fundi

Ndiyo mama, nilimjibu. Kwanza koo lilikataa. Halafu nikamtajia jina lake kamili, la ubatizo, la kwao, na la ukoo, kama mtoto anavyojitambulisha kwa mtu mzima asiyemjua.

Akakaa kimya kidogo, saa bado iko kiganjani mwake inapiga. Akaitikia kwa kichwa.

"Huyo namfahamu," akasema. "Ni fundi yule." Akanifunga saa mkononi mwenyewe, akabana mkanda tundu la tatu, ambalo ndilo langu.